Farasi Anayechechemea Hazoei Kutembea Peku, Anaumia

Ninaowaona sana ni farasi waliovuliwa viatu vya chuma ili kwato zilizoharibika zipate nafasi ya kukua upya. Uamuzi wenyewe mara nyingi ni mzuri. Tatizo ni kwamba naitwa siku ya ishirini. Nikiuliza kaanza kuchechemea lini, naambiwa, "Tangu alipovuliwa, daktari, tulidhani anazoea." Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mara.

Ukwato ulioharibika unaponaje?

Ukwato ni ganda gumu la asili moja na kucha zako, nalo hufunika mfupa wa mwisho wa mguu. Huota kutoka juu, pale nywele zinapoishia, na kushuka taratibu, takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo sehemu ya mbele, ambayo ndiyo ndefu, huchukua miezi 9 hadi 12 kufika ardhini. Visigino huwahi zaidi. Ufa uliokwisha tokea hauungi tena, hata uupake nini. Unashushwa na ukuta mpya, yaani ganda la nje la ukwato, mpaka ukatwe. Anayekuahidi ukwato mpya kwa mwezi mmoja anakuuzia kopo tu.

Nimemvua viatu juzi na anachechemea. Si kawaida?

Si kawaida. Tutenganishe mambo mawili. Farasi aliyevaa chuma miaka mingi huwa na wayo mwembamba, na akikanyaga kokoto kali atatembea kwa kujihadhari. Hilo linaeleweka, na dawa yake ni kumweka kwenye ardhi laini au kumvalisha viatu vya mpira vinavyovalishwa na kuvuliwa, vyenye sponji ndani. Lakini akichechemea kwenye ardhi laini, tambarare, hayo ni maumivu, na maumivu yana chanzo. Itafutwe leo.

Anachechemea kidogo tu, na chakula anakula vizuri.

Bado si kawaida. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Anaweza kula huku mguu unamuuma vibaya. Usitazame mdomo, shika ukwato. Linganisha joto lake na la ukwato wa pili. Kisha weka vidole pembeni, kwa nyuma, kwenye kifundo kilicho juu ya ukwato, utafute mapigo ya damu. Kwa farasi mzima ni hafifu, unayatafuta mpaka ukate tamaa. Ukiyapata mara moja, yanagonga vidole, piga simu. Jifunze kuyapima angali mzima, usisubiri siku ya shida.

Jana alikuwa mzima, leo hataki hata kukanyaga. Amevunjika?

Huenda, ndiyo maana lazima aonwe. Lakini mara nyingi nakuta usaha uliofungiwa ndani ya ukwato. Ganda halitanuki, kwa hiyo shinikizo lote linabaki humo, na maumivu yake ni makali mno. Usaha ukipata mahali pa kutokea, farasi hupata nafuu haraka. Usipopata, hupanda mpaka upasuke juu kwenye mstari wa nywele au visiginoni, baada ya mateso ambayo hayakuwa na sababu. Na tafadhali, usichukue kisu ukachimba mwenyewe. Mashimo ya visu vya nyumbani nimeyatibu kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Ukikuta msumari umezama kwenye wayo, usikimbilie kuung'oa. Mfanye farasi asitembee, zuia mguu usiusukume ndani zaidi, piga picha, ita daktari wa mifugo. Inabidi tujue umeingia wapi na kwa kina gani, kwa sababu katikati ya wayo kuna njia fupi ya kufika kwenye kiungo. Uliza pia chanjo yake ya pepopunda, maana farasi hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana.

Anaegemea nyuma na kuogopa kugeuka. Nimtembeze achangamke?

Usimtembeze! Kwato zote mbili za mbele zikiwa na joto, mapigo yakigonga, farasi akirudisha uzito kwenye visigino, huo huenda ni laminaitisi: nyuzi zinazoushikilia mfupa ukutani zinawaka na kuachia. Zikiachia sana, mfupa huzunguka au kuzama kuelekea wayo. Hapa tunahesabu saa, si wiki. Wakati unamsubiri daktari, mwache asimame kwenye matandiko manene na laini, na ondoa nafaka zote.

Farasi wengi wa namna hii wana hitilafu ya insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na kinachowaangusha ni sukari na wanga: nafaka, molasi, malisho mabichi yaliyostawi. Huwezi kuchonga kwato huku unaendelea kulisha ugonjwa. Nasema hivi kwa adabu, ila mara ya kumi adabu hupungua.

Nimpe kwanza ile dawa ya maumivu iliyobaki?

Usimpe bila daktari kusema. Utazima dalili, atakanyaga mguu ambao mwili ulitaka upumzike, nami nikifika nitakuta farasi anayetembea vizuri juu ya ukwato unaoharibika. Tena fenilbutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, isipopimwa huumiza tumbo na figo.

Mafuta machafu ya injini je? Mzee wetu alikuwa anapaka.

Acha.

Kwato zichongwe kila baada ya muda gani?

Wiki 4 hadi 6, hata kama "hazijarefuka sana". Ukuta uliotanuka pembeni hufanya kazi kama wenzo: kila hatua unauvuta ukuta mpya uachane na mfupa, na miezi yako yote inapotea. Fundi apunguze mtanuko huo kwa tupa lakini wayo asiuguse ovyo. Unene wa wayo ndio kiatu chake cha sasa. Fundi anayeukwangua mpaka ung'ae, mshukuru na umtafute mwingine.

Sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya wayo ikitoa uchafu mweusi unaonuka, imeoza. Isafishwe kila siku na farasi alale pakavu.

Kuna chakula cha kuharakisha?

Cha kuharakisha hakuna, cha kuuimarisha kipo. Nyasi kavu za sukari kidogo, zinki na shaba kwa kipimo kinacholingana na nyasi hizo, na biotini, aina ya vitamini, miligramu 20 kwa siku kwa farasi mkubwa. Usitazame matokeo kabla ya miezi 6.

Nitampanda lini?

Ufuate ukuta mpya. Piga picha ya kila ukwato kila mwezi, kutoka upande uleule, na utaona ukuta mpya ukishuka ukiwa umekaza kuliko wa zamani. Anza kumwongoza kwa kamba kwenye ardhi laini, kisha ngumu, kisha yenye changarawe kidogo. Akitembea kote huko kwa hatua ndefu na kutanguliza kisigino, mpande kwa muda mfupi. Akichechemea tena, hata kama ni mwezi wa 8 na picha zinapendeza, shuka palepale, shika ukwato, pima mapigo. Na usiniambie anazoea.