Acheni kutwanga chmod 777 kwenye SpamAssassin

"Kichujio cha barua taka, SpamAssassin, kinagoma? Piga 777, mpe kila mtu ruhusa zote." Ushauri huu umenichosha, ndugu zangu. Logi ya spamd (huduma ya SpamAssassin inayokagua barua) inasema "lock failed: Permission denied", mtu anakimbilia `chmod 777 bayes_toks` (faili la hesabu za tokeni, yaani maneno ambayo kichujio kimejifunza), kosa linabaki palepale, lawama anaitupia programu.

Usomeni ujumbe wenyewe. Kilichokwama ni kufuli. Kabla ya kugusa bayes_toks, spamd huunda faili la kufuli pembeni yake, ndani ya saraka ileile. Anayeunda faili anaiandika saraka. Hata bayes_toks ikiachwa wazi kwa dunia nzima, bila w (ruhusa ya kuandika) na x (ruhusa ya kupita) kwenye saraka, spamd haiandiki kitu. Na hiyo x inatakiwa kwenye kila saraka njia nzima. /home/fulani ikiwa 700, yaani ruhusa ni za mwenyewe tu, mtumiaji mwingine wa kawaida hapiti. `namei -l` itakuonyesha yote kwa mkupuo.

Kwanza jiulize: nani anaandika? spamd ikiwashwa na root (msimamizi mkuu wa seva) hujigeuza kuwa mtumiaji aliyeita spamc, programu inayoipelekea spamd barua. Aliyeita akiwa root, huangukia nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Wakati huohuo ninyi mnaendesha sa-learn, amri ya kukifundisha kichujio, kwa root! Mafunzo yote yanaishia /root/.spamassassin, kichujio hakitii mguu huko. Mnazo barua taka 200 na safi 200 zinazohitajika, lakini kwenye X-Spam-Status, mstari wa matokeo katika kichwa cha barua, hamna BAYES_ (alama ya mafunzo hayo) hata moja.

Kinachoniudhi zaidi ni saraka ya pamoja, yenye hifadhidata moja ya watumiaji wote. Mtu anafanya chown (anabadili mmiliki wa mafaili), mambo yanatulia, baada ya muda kosa linarudi, anasema seva ina mashetani. Hakuna shetani. Tokeni za zamani zinapofutwa, SpamAssassin huandika faili jipya, kisha hulipatia jina la lile la awali. Jipya ni mali ya aliyeendesha kazi hiyo. Akiwa root, chown yako imekwenda na maji. Chagueni mtumiaji mmoja, na sa-learn ipitie kwake tu, mfano akiwa debian-spamd: `sudo -u debian-spamd sa-learn --spam ...`. Na kwenye bayes_path, mpangilio unaosema hifadhidata iko wapi, kipande cha mwisho ni mwanzo wa majina ya mafaili, si saraka.

Hata hivyo hifadhidata ya pamoja hainiridhishi moyoni: tangazo ambalo kwako ni taka, mwenzako amejiandikisha kulipokea. Naikubali kwa sababu ruhusa zake ni rahisi kulinda.

Na 777? Mchakato wowote kwenye seva unaoifikia saraka hiyo unaweza kufuta au kupotosha hesabu za tokeni, taka zikapita kama barua safi.

Ruhusa zikiwa sawa na bado inakataa, tazameni SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux unaoweza kuzuia hata penye ruhusa, kwa `ls -Z` na `ausearch -m avc`.