Ziwa limevimba, mtoto aendelee kunyonya

Wiki hii amekuja mama mwingine mwenye ziwa lililovimba. Ametembea kutoka mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, kitenge amekifunga kifuani hadi kupumua kunamsumbua. Mtoto wa wiki sita yuko mgongoni mwa mama mkwe, na ndani ya kikapu mna chupa na kopo la maziwa ya unga. Kabla sijauliza lolote, mama mkwe akaanza: "Dokta, mtoto tumemtoa kwenye ziwa. Yale maziwa yameoza."

Ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza aliambiwa hivyo na jirani. Wa pili, na hili linaniuma, aliambiwa na muuguzi. Basi leo naandika.

Maziwa hayaozi ndani ya ziwa. Kinachotokea ni hiki: maziwa yanakwama. Labda mtoto hakushika vizuri, labda mama alikwenda sokoni Nyawera alfajiri akarudi jioni, labda sidiria inabana. Nyama ya ndani inavimba, mifereji inabanwa, na kama chuchu ina mpasuko, bakteria wanapata njia. Mara nyingi ni stafilokoko, ambao wengi wetu tunao puani na kwenye ngozi siku zote. Mtoto anayenyonya amekwisha kukutana nao mdomoni mwake tangu zamani, na maziwa yale yale yanampa kinga dhidi yao. Ukimwachisha, hujamwokoa na kitu. Ziwa nalo halina habari kwamba mtoto ameachishwa: linaendelea kutengeneza maziwa, yanazidi kukwama, na uvimbe ambao ungeisha ndani ya siku chache unakuwa jipu. Majipu mengi niliyoyatoboa yana historia hiyo hiyo. Mama aliumwa, akaambiwa aache kunyonyesha, akafunga kitenge.

Mama wakwe na nyanya wana ushahidi wao, na sitaki kuudharau, kwa sababu wameuona kwa macho. Wanasema: "Mtoto mwenyewe anayakataa. Anashika, anaachia, anakunja uso." Ni kweli, anakataa. Ziwa likiwaka, kuta za mifereji zinalegea na chumvi ya damu inapenya kwenye maziwa. Yanakuwa na chumvi kuliko kawaida, na mtoto ana ulimi. Hapendi ile ladha, na maziwa yenyewe yanatoka kwa shida, kwa hiyo analia na kugeuza kichwa. Bibi anaona hayo anasema sumu. Si sumu. Ni chumvi, na uvimbe ukishuka inaondoka. Mwanzishie upande mzima mpaka maziwa yaanze kushuka, kisha mhamishie upande unaouma. Akikataa kabisa, kamua kwa mkono taratibu, umpe kwa kikombe safi. Kopo la maziwa ya unga, kwa maji ya bomba linalokatika kila siku, ndilo ninaloliogopa. Mtoto huyu wa Kadutu alikuwa ameharisha siku nne.

Tuje kwenye dawa. Mama huyu alikuwa amekwisha kuanza antibiotiki ya amoksisilini kwa vipindi viwili, vyote kutoka farmasi ya mtaani, bila mtu kumtazama ziwa. Stafilokoko wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksisilini kabla haijafanya kazi. Unameza, homa inapungua kidogo, unafurahi, wiki ijayo uko pale pale. Ninayotumia ni kloksasilini, miligramu 500 mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, siku 10 hadi 14. Mwenye mzio wa penisilini, jamii ya dawa hii, aseme mapema, nina dawa nyingine. Na siku 10 ni siku 10. Mara ya pili mama huyu aliacha siku ya tatu, akamgawia dada yake vidonge vilivyobaki kwa ajili ya jino. Dawa hizi hazimzuii mtoto kunyonya. Huenda choo chake kikalainika kidogo, basi.

Kuna jambo jingine linalopoteza muda. Mama ana homa, anatetemeka, viungo vinauma. Hapa Bukavu kila mtu atawaza malaria, na ni haki kumpima. Lakini kipimo kikisema hakuna, bado anapewa dawa ya malaria! Mwingine anaona haya kutaja ziwa mbele ya muuguzi wa kiume, anasema "kifua kinauma", anarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Wenzangu, mama anayenyonyesha akija na homa, mwombeni kwa heshima awaonyeshe maziwa yote mawili. Ni dakika moja.

Sasa niseme yale yanayonisumbua mimi mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliwafundisha akina mama kukanda ziwa kwa nguvu, kuweka kitambaa cha moto, na kukamua mpaka lisibaki tone. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Mwaka 2022 mwongozo wa madaktari wa kunyonyesha ulibadilika: kukanda kwa nguvu kunaumiza nyama iliyokwisha kuvimba, na kukamua kupita kiasi kunaliambia ziwa litengeneze maziwa zaidi. Sasa nasema kitambaa cha maji baridi, ibuprofeni, mkono mwepesi, na mtoto anyonye anavyotaka, bila kulazimisha ziwa liishe. Nawakumbuka wanawake waliolia mikononi mwa wakunga wetu wakikandwa, nikiwaambia wavumilie. Naomba radhi kwao.

La pili: si kila ziwa jekundu linahitaji antibiotiki. Katika siku ya kwanza, likiwa halijawa kali, baridi na kunyonyesha vinaweza kutosha, na inafaa kungoja kama saa 24. Lakini mama aliyekuja kwa boti kutoka kisiwa cha Idjwi nitamwambia arudi kesho? Huwa nampa dawa siku hiyo hiyo. Pengine nampa asiyeihitaji. Kila mara nahesabu upya, na kila mara nampa.

Kloksasilini ikimezwa vizuri, ndani ya saa 48 lazima kitu kibadilike. Kisipobadilika, usiongeze dozi, usihamie dawa ya tatu kwa kubahatisha. Tafuta jipu. Mama wetu wa Kadutu tulimpiga ekografi, picha ya mawimbi ya sauti, jipu likaonekana, kubwa kama limau. Zamani tungepasua. Siku hizi, ngozi ikiwa bado nzima, tunatia ganzi, tunavuta usaha kwa sindano, na tunarudia baada ya siku mbili au tatu mpaka pakauke. Usaha unapelekwa maabara tujue ni bakteria gani na dawa gani inawaweza. Kipimo hicho kinagharimu, na si kila familia ina dola za kulipa, lakini kwa ugonjwa uliokwisha kurudi mara mbili nakisisitiza.

Na ugonjwa ukirudi tena na tena baada ya matibabu sahihi, tuache kuuita maambukizi ya kunyonyesha. Kuna kifua kikuu cha ziwa, chenye vidonda visivyofunga. Kuna saratani inayojifanya uvimbe wa maziwa, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Kipande cha nyama kichukuliwe kipimwe. Kuna mama mmoja nilimbadilishia antibiotiki kwa miezi miwili kwa sababu alikuwa kijana na ananyonyesha. Nilimchelewesha. Sitamsahau.

Mama anayeishi na VVU asifuate maelezo yangu ya kunyonyesha bila kumwona anayemtibu, kwa kuwa ziwa likiwa na maambukizi virusi huongezeka kwenye maziwa ya upande huo. Aje siku hiyo hiyo, na dawa zake za kila siku asiziache.

Nilipovuta usaha wa mama wa Kadutu, nilimwita mama mkwe aingie. Nikamwonyesha bomba la sindano lenye usaha wa kijani. Kisha nikakamua ziwa lile lile kwenye kijiko cheupe. Maziwa yalikuwa meupe, rangi ya bluu kwa mbali. Aliinamia kijiko kwa muda.

"Kumbe haviko chumba kimoja," akasema.

Haviko chumba kimoja, mama. Jipu lina kifuko chake.

Akamfungua mkwewe kitenge yeye mwenyewe. Mtoto alikunja uso, akageuka, akalia. Tulingoja, tukaanzia upande mzima. Siku ya tatu waliporudi kwa sindano ya pili, kikapu kilikuwa na ndizi na kadi ya hospitali. Chupa sikuiona.