Vina Kwenye Shaba: Masultani wa Kilwa na Sanaa ya Kutawala

Ukiiweka sarafu ya shaba ya Kilwa kiganjani, kwanza utashangaa udogo wake. Kingo zimeliwa na chumvi, na bila mwanga wa kutoka ubavuni huoni kitu. Igeuze taratibu, maandishi ya Kiarabu yatajitokeza. Upande mmoja kuna jina la mtawala, Ali bin al-Hasan. Upande wa pili kuna maneno yanayosema kwamba anamtumaini Mola mwenye neema, na neno la mwisho ni al-minan. Sasa zisome pande zote mbili kwa sauti: al-Hasan, al-minan. Hivyo ni vina. Aliyekulia kwenye mashairi hahitaji kuambiwa kina kinafanya kazi gani: neno likishashika mdomoni, halitoki.

Sarafu hizi za shaba hazitaji mwaka wala mji zilikotengenezwa. Kilichotakiwa kijulikane ni nani anatawala na anamtegemea nani, basi. Zilipita mkono kwa mkono sokoni na bandarini, zikaliingiza jina la sultani hata katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekanyaga. Masultani waliofuata nao walishika mtindo huohuo wa vina.

Tunapofundisha habari za Kilwa huwa tunakimbilia dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Ni kweli, dhahabu ndiyo iliyoutajirisha mji ule. Lakini sisi tunaoshughulika na vitu vya kale tunaona kila siku kwamba mali pekee haikumpa mtu utii. Ilibidi ionekane, tena isomwe.

Aliyelijua hilo kuliko wote ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye mwenye Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 lililojengwa kwa matumbawe juu ya mwamba unaotazama bahari. Ndani yake kuna birika la kuogelea la pembe nane. Kwa nahodha aliyekuwa akiingia bandarini, kasri lile lilikuwa salamu ya kwanza kutoka kwa mwenye mji, kabla hata hajateremsha tanga. Katika magofu hayo yalipatikana maandishi ya kuchongwa yanayomtaja kwa lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyepewa ushindi. Lakabu hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa na masultani wa Misri na Yemen. Fundi aliyeichonga hatumjui, na hilo linauma, maana ni mkono wake tunaousoma.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa. Sultani alibadili nguo, akampa zile zile. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa 10, na sultani akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husomwa kama sifa. Mimi nawaomba wasomaji wawatazame pia wale watu 20 waliotolewa kama bidhaa, kwa sababu Ibn Battuta huyohuyo anaeleza kuwa sultani alikuwa akivamia bara na kuchukua nyara. Ukarimu ule ulikuwa na gharama, na walioilipa majina yao hayakuandikwa kwenye sarafu yoyote.

Sarafu moja ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Shaba ile haikuwa na thamani kubwa. Jina ndilo lililosafiri.

Kisha kuna kitabu. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya mji, iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na nakala yake iko British Library, London. Mwandishi anasema alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Aliandika wakati dhahabu imeshapita mikononi mwa wengine, na kwa maoni yangu ndiyo maana aliuweka mwanzo wa mji kwa uangalifu mkubwa hivyo. Anasema mwanzilishi wake, Ali, alikuja kutoka Shirazi, Uajemi, akakuta kisiwa kiko mikononi mwa mtawala wa watu wa bara, akamwomba amuuzie. Yule mtawala akataka vitambaa vya rangi vya kukizunguka kisiwa chote. Wachimbaji wameonyesha kuwa watu waliishi Kilwa kabla ya enzi hiyo ya Ali, kwa hiyo hadithi hii hatuisomi kama hati ya ardhi. Yeye, hata hivyo, aliiandika kama hati ya ardhi: vitambaa vikatandazwa, vyeupe, vyeusi na vya kila rangi, bei ikatimia, na mwenyeji akahamia bara.