Je, wajua kwa nini shahidi wa kesi na shahidi wa dini huitwa jina moja?

Mahakamani, shahidi huapishwa kisha akaeleza alichokiona. Kila tarehe 3 Juni, huko Namugongo, mahujaji humiminika kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, waliochomwa moto hapo mwaka 1886. Hawa nao walishuhudia nini?

Neno tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake, sh-h-d, una maana ya kuwapo, kuhudhuria. Katika Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 185, kitenzi hicho hicho kimetumika kwenye amri ya kufunga Ramadhani, na wafasiri wengi humwelewa anayeambiwa kuwa ni aliyekuwapo mjini, asiye safarini. Kinyume chake ni ghaibu, kisichokuwapo mbele ya macho. Ukisoma kitu kwa ghaibu, maana yake kitabu hakipo mbele yako.

Basi aliyekuwapo ndiye aliyeona, na aliyeona ndiye mwenye la kusema. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inashikilia jambo hilo: ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja. Kama ni jambo la kuonekana, aje anayesema kaliona mwenyewe. Kama ni la kusikika, aje aliyelisikia. Ya "nimeambiwa na jirani" kwa kawaida hayapokelewi.

Shahidi wa dini anasema pia, ila kwa uhai wake. Kiarabu cha leo huwatofautisha wawili hao kwa kuvuta irabu: wa mahakamani ni shaahid, aliyeuawa kwa imani ni shahiid. Sisi hatuvuti, kwa hiyo wote wamekuwa shahidi. Wala si Waarabu peke yao waliopita njia hiyo. Kigiriki martys alikuwa shahidi wa kawaida kabla Wakristo hawajalitumia kwa waliouawa, na Waganda huwaita watu wa Namugongo Abajulizi, neno lile lile la shahidi wa kesi.

Mzizi huo umezaa na shahada, tamko la imani, ambalo limekipa jina kidole kinachoinuliwa wakati wa tashahudi, pale Mwislamu anapoketi katika sala na kuitamka shahada. Shahada ya chuo kikuu nayo imo: ni hati inayokushuhudia kwamba umehitimu.

Magazeti yameongeza moja, mashuhuda. Ajali ikitokea, waliokuwa barabarani ni mashuhuda. Wakiitwa kortini, ndipo wanapokuwa mashahidi.