Kabla ya kitanda, ulizia maji: vituo vya mapumziko kutoka Horombo hadi Kolo

Nikifika kwenye kituo chochote cha mapumziko, kabla hata sijatua begi, naenda kufungua bomba. Kama hakuna bomba, naulizia kisima. Kama kisima kiko mbali, nagonga ubavu wa simtanki kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka chini, nisikie mlio unabadilikia wapi. Godoro na bei ya chumba nitaviuliza baadaye.

Tabia hii niliipata Kilimanjaro nikiwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyoitana: wagumu. Nilibeba mizigo njia ya Marangu misimu minne, kisha nikarudi nyumbani Dodoma, na sasa naongoza watembea kwa miguu na waendesha baiskeli kwenye vilima vya Kondoa, Mpwapwa na kule Hanang. Wageni wangu wengi wanadhani kibanda cha mlimani ni gesti iliyojengwa mahali pa juu. Sivyo, na anayekitumia kama gesti huumia au huumiza wengine.

Tuanze na Marangu, ambayo ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala wageni. Njia nyingine zote ni mahema. Vituo viko vitatu: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo mita 4,720. Ukizitazama namba hizo utaona kila kituo kimempita mwenzake mita 1,000. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6, na hewa inakuwa nyepesi zaidi. Ukifika Kibo, kila pumzi inakuletea zaidi kidogo ya nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani. Usiku mmoja Horombo unaupa mwili nafasi ya kuanza kuzoea upungufu huo. Ndiyo maana nawasihi watu waongeze usiku wa pili palepale Horombo: asubuhi mnatembea taratibu hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, mnakaa kidogo, mnarudi kulala palepale. Panda juu, lala chini. Anayeona siku hiyo ni ya kupoteza, mara nyingi ndiye tunayemshikilia mabega akishushwa.

Tofauti kubwa kati ya Horombo na Kibo ni maji. Horombo yapo. Kibo hayapo kabisa. Yanayochemshiwa chai pale yamepandishwa kutoka chini kwa mabega ya watu. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, na kilo 20 ndizo kiwango cha juu ambacho hifadhi inaruhusu mpagazi mmoja kubeba. Yaani dumu moja ni mzigo kamili wa mtu mmoja, kwenye uwanda mkavu ulio wazi kwa upepo. Niliwahi kumwona mgeni akisuuza soksi pale Kibo kwa maji ya moto aliyoletewa kwenye beseni anawe uso. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyemwambia. Tangu siku ile mimi huwaambia wageni mapema, tena kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia.

Sasa tushuke kwetu. Mji wa Dodoma uko kwenye mita 1,100 hivi na hatuna theluji, lakini swali la maji ni lilelile, na wazee wetu walilijibu kabla ya barabara wala reli. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa, kwa sababu pale palikuwa na vijito na chakula. Magharibi ya Mpwapwa ilianza nyika iliyoitwa Marenga Mkali, na jina lenyewe, yaani maji makali, linakuonya kuhusu maji yake. Wapagazi walikuwa na mbinu ya kuivuka: kuterekeza. Walijaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakatembea hadi giza, wakalala pakavu, kisha wakaamka kabla ya alfajiri ili wafike kwenye maji jua halijawa kali. Kwa hesabu hiyo, mtu hapitishi mchana mzima wa jua bila kuwa karibu na maji upande mmoja au mwingine. Na walipoingia Ugogo walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wengi walilalamika sana kwenye vitabu vyao, lakini visima vile vilichimbwa na watu kwa mikono, katika nchi ambayo mvua huja Desemba hadi Aprili kisha mbingu inafunga. Mwenye kisima alikuwa na haki yake.

Mimi bado naterekeza na waendesha baiskeli wangu, kwa kugeuza kidogo. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano tuko kivulini, hatugusi pedali tena hadi saa kumi alasiri. Mapumziko hayo ya mchana ndiyo kibanda chetu cha mlimani. Mtembea kwa miguu akichoka anaweza kukaa popote, lakini mwenye baiskeli anapumzisha vitu viwili, mwili na tairi, na Dodoma tairi linateseka kuliko mwili. Usiiburute baiskeli hadi chini ya mgunga kwa kufuata kivuli, kwa sababu miiba iliyodondoka pale ni mirefu kama sindano ya kushonea gunia. Na kwenye vumbi kando ya njia kuna mbigili, zile mbegu ndogo zenye pembe, ambazo zikilala chini pembe moja hutazama juu daima. Mkifika kituoni, pindua baiskeli, zungusha gurudumu polepole, ng'oa kila kilichochoma kabla hakijazama. Kama tyubu imeshatoboka, usikimbilie kuweka nyingine. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, kikikwama papo hapo ndipo mwiba ulipo. Nimeona watu wakitoboa tyubu tatu kwa mwiba uleule mmoja.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi 2018, na imewaleta waendesha baiskeli ambao zamani wasingethubutu. Wengi hulala Kondoa mjini kisha husogea hadi Kolo kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006. Nikiwa Kolo huwaomba wakae kimya kidogo chini ya jabali lililoinama na wahisi ubaridi wake. Waliochora pale hawakujenga kitu. Walitafuta mwamba wenye kipaa cha asili, unaoona mbali, wakapumzika na kufanya mambo yao kwa maelfu ya miaka, na hadi leo wapo wenyeji wanaopanda kwenye miamba ya Mongomi, palepale Kolo, kuombea mvua. Kwa hiyo pumzikeni kwa adabu: hakuna kuwasha moto chini ya jabali, maana moshi unafunika michoro, na kamwe usimwagie ukuta maji ili rangi ing'ae kwenye picha yako. Hema na jiko vibaki kwenye eneo la kambi.

Hanang ni mlima wa mita 3,400 na ushee, na kule wapandaji hulala kwenye mahema au hupanda na kushuka siku hiyohiyo kutokea Katesh. Juu kwenye mgongo wa mlima hakuna maji. Natamani pangekuwa na kibanda kimoja katikati, lakini kikijengwa, kikae mbali na makorongo. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua iliporomosha tope na mawe kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Korongo linaweza kuonekana limelala kwa miaka mingi, lina kivuli na udongo laini wa kusimika hema. Mimi silali humo hata kiangazi.

Kuhusu kujenga, nina hoja ambayo nimeshabishana nayo na watu wengi. Paa la Mandara linashuka mteremko mkali kwa sababu kituo kiko msituni, mvua ni nyingi na lazima iteleze. Kulihamishia paa hilo Dodoma, tena kwa bati, ni kutengeneza tanuri. Nyumba yetu ni tembe. Ukiingia saa nane mchana kutoka juani unainama mlangoni, na kabla hujanyooka mgongo unahisi shingo inapoa. Kuta ni nguzo zilizokandikwa udongo, paa limelala na limebeba udongo, na joto la mchana huchukua saa nyingi kuupenya. Usiku wa Julai, upepo wa Dodoma unapokata masikio, udongo huohuo unatoa joto ulilolihifadhi. Paa linahitaji kukarabatiwa kabla ya masika, hilo sikatai. Lakini mafundi na udongo viko palepale kijijini.

Kinachohitaji kazi zaidi kuliko ukuta ni utunzaji. Norway kuna chama cha watembea milimani kilichoanzishwa 1868, chenye vibanda zaidi ya 500. Vingi havina mhudumu: mwanachama ana ufunguo, anakuta chakula kwenye rafu, anaandika alichotumia na kulipa mwenyewe. Kwetu ufunguo ungekaa kwa mama wa nyumba ya jirani na malipo yaingie mkononi mwake, kwa sababu yeye ndiye anayejua lini tangi limekauka.

Hilo nililijua kwa machungu. Mwaka mmoja niliweka nafasi kwenye nyumba moja ya wageni, nikahakikishiwa kwa simu kwamba maji yapo. Tulifika watu saba tukiwa na lita mbili zilizobaki. Nikagonga tangi: mlio wa debe tupu hadi chini. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kutapika na misuli ya mapaja imekaza. Nilikimbia hadi nyumba ya jirani, nikaanza na salamu ya Kigogo. "Mbukwa, shikamoo bibi." Hakuniuliza natoka wapi. "Marahaba mwanangu, mlete huku kivulini," akasema, na mjukuu wake akaingia ndani kuchota mtungini. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, kama yalivyo mengi ya visima vyetu. Tulimpa yule kijana kwa vijiko na vikombe vidogo vidogo hadi magharibi, na asubuhi akaendesha.

Toka siku hiyo kila baiskeli katika msafara wangu inafika kituoni na lita moja ambayo haijafunguliwa, na nampigia jirani, si mwenye nyumba.