Kuchemsha Hakuondoi Risasi

Wanaoishi jirani na viwanda huniuliza: "Maji yetu tunayachemsha, kuna shida gani tena?" Mimi ni mkemia wa maji, na swali hili hunitia hofu kila nikilisikia. Moto huua vijidudu. Lakini risasi (metali, si ile ya bunduki), kadimiamu na aseniki, sumu zinazoweza kutoka viwandani, ni elementi, yaani vitu vya msingi ambavyo moto hauwezi kuvivunja. Haziozi wala haziungui. Maji yakichemka mvuke hupaa, metali hubaki sufuriani katika maji yaliyopungua. Ukichemsha sana, unakunywa sumu iliyokolea zaidi.

Jicho nalo halisaidii. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na kadimiamu isizidi 3. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, bila harufu wala ladha, na bado yakawa yamevuka kiwango hicho mara kumi.

Kinachoamua kama metali itafika kisimani mara nyingi ni tindikali. Udongo, hasa wa mfinyanzi, hushika risasi na kadimiamu. Yakipita maji machafu yenye tindikali, huzibandua na kuondoka nazo. Kromiamu, metali nyingine ya viwandani, ina tabia yake, maana huja kwa aina mbili. Ile iitwayo ya namba tatu, itumikayo kusindika ngozi za wanyama, hunasa udongoni. Ya namba sita, ya viwanda vinavyopaka vyuma, husafiri na maji ya ardhini, nayo ndiyo kali.

Kadimiamu ndiyo inayonisumbua zaidi, maana hukaa figoni miaka 10 hadi 30. Huko Japani, mabaki ya mgodi wa Kamioka yenye kadimiamu yaliingia mto Jinzu, watu wakanywa maji yake na kumwagilia mpunga. Mifupa ya wagonjwa, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, ililainika hadi kuvunjika. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968, miongo kadhaa baada ya watu kuanza kuugua.

Kwa hiyo pimeni. Lakini msiniletee maji katika chupa ya soda: ombeni maabara chupa yao, yenye tindikali ya nitriki kidogo, la sivyo metali hung'ang'ania kuta za chupa na majibu yatakuja mazuri kwa uongo. Kwa risasi itokayo kwenye mabomba yenyewe, kingeni maji ya kwanza ya alfajiri, kabla bomba halijafunguliwa. Na wakati mnasubiri majibu, maziwa ya unga ya mtoto mchanga yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine kilichopimwa, kwa kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wake.