Hofu ya kutengana kwa mtoto wa shule ni nini?

Hofu ya kutengana ni hofu inayomshika mtoto anapoachana na mtu anayemtegemea: mama, baba, bibi au dada anayemlea. Kwa mtoto mchanga ni hatua ya kawaida. Huanza karibu na miezi 8, hupanda, kisha hupungua akifikisha miaka 3 hivi. Kwa mtoto wa darasa la pili huja na sura nyingine, na wazazi wengi hawaitambui.

Mtoto wa miaka 7 ni nadra aseme anaogopa. Atasema tumbo linauma. Linauma Jumapili usiku na Jumatatu alfajiri, sare ikiwa imeshapigwa pasi; Ijumaa jioni limepona. Tafadhali usimwite mwongo, maana hofu hukaza tumbo kwelikweli. Wengine hukataa kulala peke yao, au huuliza mara kumi, "Mama, utakuja saa ngapi? Na ukigongwa na gari?" Hapo ndipo penye kiini: anaamini mkiwa mbali, baya litakupata wewe au yeye. Mara nyingi huanza baada ya msiba, kuhama, likizo ndefu, au mzazi kwenda kufanya kazi Uarabuni. (Lakini hakikisha kwanza hakuna anayemchapa au kumwonea shuleni. Hilo ni jambo jingine, na halingoji.)

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955, akiwatazama akina mama na watoto wao wadogo katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kuwa mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa kwenda mbali kuchezea vitu, kwa kuwa anajua pa kurudi papo.

Ndiyo maana kumtoroka mtoto kunaumiza. Tumezoea: "Nakwenda dukani, nakuletea pipi," kisha mtu haonekani hadi jioni. Kesho yake mtoto atang'ang'ania kanga kwa mikono miwili. Mwage waziwazi, kwa ufupi, kwa maneno yaleyale kila siku. Mtajie muda kwa mambo anayoyajua: "Mkishakula mchana na kufagia darasa, nitakuwa getini." Halafu uwepo. Ukikwama, mpigie mwalimu amwambie. Mwalimu naye akimpokea na kazi ndogo, kufuta ubao au kugawa madaftari, machozi hukauka upesi.

Kumbakiza nyumbani kunamtuliza papo hapo, na mtego uko hapo: anajifunza kwamba dawa ya hofu ni kutokwenda, na kesho inakuwa ngumu zaidi. Kama ameshakosa siku nyingi, ongea na shule aanze na nusu siku.

Hofu ikidumu wiki 4 au zaidi na kumvurugia masomo, usingizi au kula, mpeleke hospitali umuulizie mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Huko atapangiwa hatua ndogondogo: leo dakika tano kwa jirani, kesho nusu saa kwa shangazi, mpaka aweze siku nzima shuleni.